Kutoka "Bei Inboksi" Hadi Mteja Kusimama Kwenye Ploti: Mwongozo Kamili kwa Madalali wa Malindi

Malalamiko ni yale yale. Dalali anaweka picha sita za ploti ya Mayungu kwenye Facebook, anapata laiki mia mbili, watu arubaini wanaandika "bei?", na hakuna hata mmoja anayefika kuiona. Wiki inayofuata anaweka tena picha zile zile, na laiki zinashuka hadi hamsini.

Kwa kawaida mtandao hauna kosa hapo. Tangazo limeficha mambo manne ambayo mnunuzi anataka kuyajua kabla hajatoa nauli: bei, mahali hasa, aina ya hati, na nani mwenye mali. Mwongozo huu unapanga kazi upya, tangu karatasi ya kwanza hadi mteja anaposimama kwenye bikoni, yaani alama ya mpaka wa ploti. Ufuate kwa mpangilio wake. Wengi hukimbilia hatua ya tano, kisha hushangaa kwa nini hawapigi hatua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usajili. Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura 533, inamtaka anayefanya kazi hii asajiliwe na bodi yake, EARB. Kama hujasajiliwa, fanya kazi chini ya wakala aliyesajiliwa na umtaje kwenye ukurasa wako. Mtandao unamweka kila mtu hadharani, na aliye nje ya sheria huonekana haraka zaidi kuliko yule wa kibarazani.

Laini ya pili ya simu, iwe ya kazi tu, ikiwa na WhatsApp Business. Ukichanganya na laini ya nyumbani, stetasi ya harusi ya binamu itakaa katikati ya ploti mbili.

Simu yenye kamera nzuri na nafasi tupu ya angalau GB 5, tripodi ndogo, na kitambaa laini cha kufutia lenzi. Usikidharau kitambaa hicho. Hewa ya bahari huacha ukungu wa chumvi kwenye kioo, na picha zote hutoka kama zimepigwa kwenye moshi.

Tepu ya mita 30 au 50. Hatua za miguu si kipimo.

Ukurasa wa Facebook wa biashara, akaunti moja ya video fupi (TikTok au Instagram), na blogu. Blogger ni ya bure na inatosha kuanzia. Ukiwa na uwezo, nunua jina lako lenye .co.ke.

Daftari au jedwali la simu lenye safu tano: tarehe, jina la mteja, mali aliyoulizia, alikotuona, hatua aliyofikia.

## Hatua ya 1: Jaza karatasi ya mali kabla ya kupiga picha hata moja

Kila mali iwe na karatasi moja. Usipoweza kuijaza, mali hiyo haijawa tayari kutangazwa, hata kama mwenyewe anakuharakisha.

Anza na umiliki, kwa sababu hapa Malindi neno "ina title" linabeba mambo mengi mno. Andika kipi kati ya hivi:

- Hati ya kudumu, yaani frihodi.
- Hati ya miaka maalumu, yaani lisi. Andika miaka iliyobaki, si ile iliyotolewa mwanzo.
- Kipande kilichokatwa kutoka hati mama ambayo bado haijagawanywa. Mteja aambiwe mapema kwamba hati yake bado haijatoka.
- Nyumba bila ardhi. Mitaa ya zamani inazo nyingi: unanunua kuta na paa, ardhi inabaki ya mwenyewe na unamlipa kodi ya ardhi. Ni biashara halali na wengi wanaishi hivyo, lakini ukiitangaza kama "nyumba inauzwa" basi, mtu wa Nairobi ataelewa kitu kingine kabisa.
- Ardhi ya mirathi. Uliza kama mirathi imekamilika na warithi wote wamekubali. Ndugu mmoja aliye Jeddah asiyejua lolote anatosha kuvunja mauzo.

Ardhi ya wakfu haiuzwi. Ukiletewa, irudishe.

Kisha sachi, yaani uthibitisho rasmi wa nani mwenye mali. Ifanye mwenyewe kwenye rejista ya ardhi, au mwenye mali akuletee ya karibuni, nawe ulinganishe jina na kitambulisho chake. Angalia sehemu ya vizuizi: kama kuna mkopo wa benki au zuio la mtu, mali hiyo haitangazwi mpaka jambo hilo lijulikane litaishaje. Mwenye mali akiwa ameoa au ameolewa, uliza kama mwenzake amekubali kuuza. Bila ridhaa hiyo mauzo ya mali ya ndoa yanaweza kupingwa mahakamani.

Sasa ukubwa. Kuna kosa limeenea hapa kiasi kwamba wengi hawalioni tena. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina futi za mraba 5,000. Thumni ya ekari ina futi za mraba 5,445. Si kitu kimoja. Hati nayo huandika hekta, na 50 kwa 100 ni kama hekta 0.0465. Mteja aliyeahidiwa "thumni" akisoma 0.0465 na kupiga hesabu, anajua amepunjwa, na hatakupigia tena. Andika vipimo vya pande, kisha hekta za kwenye hati, na neno "thumni" uliache.

Maji: ni ya MAWASCO, kampuni ya maji ya Malindi, au kisima? Kama ni kisima, onja. Chumvi ya visima vya karibu na pwani si siri, na mpangaji ataigundua kwenye chai ya kwanza. Umeme: umefika kwenye nyumba, au nguzo iko mita ngapi? Barabara: ni lami, murram au mchanga? Gari ndogo inapita mvua za masika?

Mwisho, nani anaweza kununua. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa miaka isiyozidi 99 tu. Na shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, ambayo haiwezi kumkubalia asiye raia. Kumtangazia Mwitaliano shamba la ekari tano la Kakuyuni ni kupoteza muda wake na wako. Andika kwenye karatasi: "Wananchi tu" au "Raia na wageni, lisi".

Utajua hatua hii imekamilika pale mtu asiyeijua mali hiyo atakapoisoma karatasi na kuweza kujibu maswali ya mteja bila kukupigia.

## Hatua ya 2: Pata idhini, na ujue cha kuficha

Mwenye mali akupe idhini kwa maandishi: bei, muda wa kutangaza, malipo yako, na mitandao utakayotumia. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia, ila uhifadhi nakala yake. Bila hiyo, madalali wanne watatangaza nyumba moja kwa bei nne, na mteja atakayeziona zote atawahesabu nyote kuwa matapeli.

Usiweke picha ya hati mtandaoni. Hata ukifunika namba kwa kidole. Jina, namba ya kitambulisho na namba ya ploti ndivyo anavyovihitaji tapeli kutengeneza hati ya bandia. Andika "hati ipo, sachi imefanywa tarehe fulani", na umwonyeshe karatasi mteja aliyefika.

Nyumba yenye wapangaji ina watu ndani, wenye haki zao. Omba ruhusa siku moja kabla. Nguo za kwenye kamba, picha za familia ukutani, watoto uani: vyote vitoke kwenye fremu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichezi na jambo hili. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliamuru klabu moja ya Nairobi ilipe zaidi ya shilingi milioni moja na laki nane kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

## Hatua ya 3: Piga picha kwa saa ya jua na saa ya maji

Hapa ndipo Malindi inapotofautiana na Nairobi, na ndipo picha nyingi zinapoharibika.

Jua letu linatoka baharini. Nyumba inayotazama bahari hupata nuru usoni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi. Ukienda alasiri, jua liko nyuma yake, uso wa nyumba umekuwa mweusi na mbingu imekuwa nyeupe. Nyumba inayotazama bara, kama nyingi za Muyeye na Ngala, igeuzie hesabu: saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Saa sita mchana usipige kitu.

Kwa mali ya ufukweni, tazama maji pia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Ploti iliyopigwa picha maji yakiwa yamekupwa inaonekana kuwa na ufukwe wa kuchezea mpira. Mteja akija maji yamejaa, mawimbi yanagonga ukuta. Piga zote mbili, uziweke pamoja, na uandike saa. Mnunuzi anayejua bahari atakuamini kwa hilo peke yake.

Msimu nao una lake. Wakati wa kaskazi maji ya mto Sabaki husukumwa kuja upande wa mji, na baada ya mvua ghuba huwa rangi ya chai ya maziwa. Wakati wa kusi mwani hurundikana mchangani. Picha ya maji ya buluu isiyo na tarehe ni ahadi ambayo huwezi kuitimiza Desemba. Andika mwezi.

Mpangilio wa picha za nyumba uwe kama mtu anayetembea: barabara na geti, uso wa nyumba, sebule, jikoni, vyumba kimoja kimoja, bafu, uani, tangi la maji, mita ya umeme, dari na paa, mwisho mandhari. Kumi hadi kumi na tano zinatosha. Simama kwenye kona, simu iwe usawa wa kifua, mistari ya ukuta isimame wima. Lenzi pana ya simu hupanua chumba kiasi cha kudanganya. Itumie bafuni tu, mahali ambapo huna pa kurudi nyuma. Kwa paa la makuti, piga kutoka ndani ukitazama juu. Anayejua ataangalia kama mwanga unapenya, na makuti yana umri wake.

Ploti tupu ndiyo ngumu, kwa sababu picha zote za msitu zinafanana. Mweke mtu asimame kwenye kila bikoni akiwa na nguo ya rangi kali, kisha piga kutoka kona moja ili bikoni mbili zionekane pamoja. Bikoni isiyoonekana itafutwe na mpima ardhi kwanza. Kukisia mpaka kwenye picha ni kuanzisha kesi. Usiingize nyumba nzuri ya jirani kwenye fremu kana kwamba inauzwa nayo.

Video moja ya sekunde 45 hadi 60, simu ikiwa wima, saizi 1080 kwa 1920. Anza kwenye lami, mahali panapojulikana, kisha onyesha njia hadi kwenye mali bila kukata sana. Mtazamaji anataka kujua kona ziko ngapi na mchanga unaanzia wapi. Upepo wa kusi hupiga maikrofoni na kufunika maneno yote, kwa hiyo rekodi sauti ukiwa ndani ya gari au nyuma ya ukuta, kisha uipachike juu ya picha.

Droni inavutia, lakini inahitaji kusajiliwa na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Uwanja wetu wa ndege uko mjini, na sehemu kubwa ya mji iko karibu na njia za ndege. Kama huna rubani mwenye kibali, achana nayo. Picha ya ghorofani kwa jirani inatosha.

## Hatua ya 4: Andika tangazo linalojibu kabla ya kuulizwa

Tangazo la kawaida: "Ploti mtaa tulivu, dakika tano kutoka baharini, ready title. Bei inboksi. Wahi!!!"

Dakika tano kwa miguu au kwa bodaboda? Mtaa upi? Na bei ikiwa inboksi, msomaji anahisi kwamba utamwangalia jina na picha kwanza ndipo uipange. Hisia hiyo mara nyingi ni ya kweli, ndiyo maana inaudhi.

Andika hivi (bei ni ya mfano):

> Ploti ya futi 50 kwa 100, Msabaha, Malindi. Sh 650,000, inazungumzika kidogo.
> Hekta 0.0465 kwenye hati. Hati ya kudumu kwa jina la muuzaji, sachi ya mwezi huu ipo.
> Mita 400 kutoka barabara ya Mombasa, njia ya murram, gari ndogo inapita mvua na jua.
> Umeme: nguzo mita 30. Maji: bomba la jirani mita 50, kisima cha karibu kina chumvi kidogo.
> Haifai kwa anayetaka kuona bahari, haionekani.
> Kuona: Jumamosi na Jumapili asubuhi. Hakuna malipo ya kuonyeshwa.
> WhatsApp: namba yako. Wakala: jina na namba ya usajili.

Ule mstari wa "haifai kwa" usiuondoe. Unaondoa simu kumi zisizo na faida, na unayafanya maneno mengine yote yaaminike.

Bei iwe ndani ya mstari wa kwanza, kwa sababu Facebook na Instagram hukata maandishi baada ya mistari michache. Taja umbali kwa mita au kilomita. Mali ya mstari wa pili kutoka baharini isiitwe ya ufukweni. Ni ya mstari wa pili.

Mwenye mali akitaka bei isitajwe, weka kiwango: "kati ya milioni nane na tisa". Akikataa hicho pia, mali yake ikae mwisho wa foleni.

## Hatua ya 5: Kila mtandao upe kazi yake

Kunakili chapisho moja kila mahali hakufanyi kazi, kwa sababu watu wanaingia kila mtandao na nia tofauti.

Facebook ndiko walipo wapangaji wa hapa hapa na wanunuzi wa ploti za bei ya chini. Chapisha kwenye ukurasa wako, kisha peleka kwenye makundi matatu hadi matano kwa siku, kila kundi kwa maneno yaliyobadilishwa kidogo. Ukibandika maandishi yale yale kwenye makundi ishirini ndani ya dakika kumi, mfumo unakuhesabu kuwa mtuma taka na kukufungia kuchapisha. Soma kanuni za kundi. Mengine yana siku maalumu ya matangazo.

TikTok na video fupi za Instagram hukufikisha kwa wasiokujua. Mali yenyewe si lazima iwe inauzwa siku hiyo. Video ya "jinsi ya kutambua bikoni" au "kodi ya vyumba viwili Maweni ikoje" huleta wafuasi wanaorudi. Andika maneno makuu juu ya video, wengi hutazama bila sauti.

Instagram ya picha iweke kwa ajili ya majumba ya Casuarina, Mambrui na Watamu. Wanunuzi wake wengi wako nje. Italia iko nyuma yetu saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo chapisho la saa tatu usiku huwakuta wakitoka kazini au mezani. Ndugu zetu walio Ghuba wako karibu na saa yetu. Wao hushika simu baada ya Isha. Mwezi wa Ramadhani sogeza kila kitu baada ya tarawehe.

WhatsApp ndiyo duka. Itayarishe vizuri mara moja:

Katalogi: kila mali iwe na picha, bei na ule mstari wa hati. Lebo: "mpya", "atakuja kuona", "ameona", "anasubiri benki", "amemaliza". Majibu ya haraka: matatu tu, yako hatua ya saba. Kiungo: andika wa.me/ kisha namba yako ukianza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri. Kosa la sifuri ndilo linalofanya viungo vingi vifungue ukurasa mtupu. Kijaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla hujakitangaza.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua watu 256, lakini ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kila mteja anapokuandikia, mwombe ahifadhi namba. Na usiwatumie wote kila kitu. Anayetafuta chumba cha kupanga Kisumu Ndogo hataki kuona jumba la milioni arubaini.

Matangazo ya kulipia yaje baadaye. Chapisho lililoleta maulizo matano bila pesa ndilo la kulipia, shilingi 300 hadi 500 kwa siku kwa siku nne, ukichagua watu wa mahali wanunuzi wako walipo. Kulilipia chapisho lililolala ni kumnunulia mgonjwa viatu.

Wiki mbili za hatua hii zikienda sawa, maulizo ya "wapi?" na "bei?" yanapungua, na yanaongezeka ya "nije lini?".

## Hatua ya 6: Blogu, yaani majibu yasiyopotea

Chapisho la Facebook hufa baada ya siku mbili tatu. Makala ya blogu hukaa, na mtu anayetafuta Google "gharama za kununua ploti Malindi" usiku wa manane anaikuta. Usiijaze blogu matangazo. Iwe mahali pa kujibu yale unayoulizwa kila siku.

Makala ya kwanza ziwe hizi, kwa sababu ndizo zinazoulizwa zaidi:

1. *Gharama za kununua ardhi Malindi zaidi ya bei.* Eleza ushuru wa stempu: asilimia 4 ndani ya manispaa na 2 mashambani, ukihesabiwa kwa thamani inayotolewa na mthamini wa serikali, si lazima bei mliyokubaliana. Toa mfano: ardhi iliyothaminiwa 1,500,000 ndani ya manispaa inalipiwa 60,000, mashambani, 30,000. Ongeza wakili, sachi na mpima.
2. *Asiye raia anaweza kumiliki nini.* Miaka 99 na kile kikwazo cha shamba la kilimo. Makala hii itafsiriwe Kiitaliano na mtu anayekijua, kwa sababu wanatafuta kwa maneno yao, "casa in vendita Malindi". Tafsiri ya mashine kwenye mambo ya sheria ni hatari.
3. *Nyumba bila ardhi: unanunua nini hasa.*
4. *Mitaa ya Malindi kwa mpangaji:* kodi, maji, usalama wa njia usiku, umbali hadi sokoni.

Kila makala iwe na maneno 800 hadi 1,200, vichwa vidogo, na jibu kwenye aya ya kwanza. Picha zibanwe hadi chini ya KB 200 kila moja. Zikiwa nzito, mtu mwenye bando dogo anafunga kabla hazijafunguka. Jina la faili liwe "ploti-msabaha-malindi", si "IMG_2041". Mwisho wa makala weka kiungo cha WhatsApp kilichoandikwa ujumbe tayari, ili ujue ametoka makala ipi.

Makala moja kwa wiki mbili inatosha. Nusu mwaka utakuwa na kumi na mbili, na mteja akikuuliza swali unamtumia makala badala ya kuandika aya tano kwa kidole gumba. Sheria na ada zikibadilika, rekebisha makala ile ile na uandike tarehe juu. Usiandike nyingine mpya ikapingana na ya zamani.

## Hatua ya 7: Jibu ndani ya saa moja, na umfikishe mahali

Pwani mteja huanza kukupima kwenye salamu. Salimia kabla ya bei, hata kwa ujumbe. Usimwite "dear" wala "bosi". Mtu mzima akipiga simu, wewe ndiwe wa kuamkia.

Jibu la kwanza: "Salaam, karibu sana. Ploti ya Msabaha bado ipo, bei ni 650,000. Ungependa kwa ajili ya kujenga sasa au kuweka? Utakuja mwenyewe au atakuja ndugu yako?" Maswali hayo mawili yanatosha kujua uzito wa mtu bila kumhoji kama askari.

Jibu la pili, akitaka kuona: siku, saa, mahali pa kukutana panapojulikana na wote, kisha eneo la ramani. Siku ya kuona mpigie saa moja kabla. Jibu la tatu ni la siku moja baada ya kuona: "Umeonaje? Kuna jambo lililokusumbua?" Jibu lake likiwa ni la barabara au maji, rudi kwenye tangazo ulisahihishe.

Tahadhari mbili. Mteja aliye nje anayetaka kutuma pesa bila kuona, mwambie amtume ndugu au wakili. Akikubali haraka mno na kukutumia picha ya hundi, huenda anakuvua wewe. Na wewe usipokee amana kwenye M-Pesa yako binafsi. Pesa ya ununuzi ipite kwa wakili kwa makubaliano ya maandishi.

Kuwadai watu ada ya kuonyeshwa nyumba kumewaharibia madalali wengi jina hapa mjini. Kama unalazimika kurudisha mafuta, sema kiasi kwenye tangazo, na ukikate kwenye malipo yako mteja akichukua.

## Hatua ya 8: Ijumaa jioni, hesabu

Fungua daftari. Mali ngapi zimetangazwa, maulizo mangapi, wangapi wamefika, wangapi wamechukua, na kila mmoja alikuona wapi. Laiki usizihesabu.

Maulizo mengi na hakuna anayefika: tangazo linaficha kitu, mara nyingi barabara au hati. Wanafika lakini hawachukui: picha zinasema zaidi ya mali, au bei iko juu ya soko na mwenye mali aambiwe. Hakuna maulizo kabisa: badilisha picha ya kwanza tu, subiri siku tatu, kisha ndipo uguse maneno. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichosaidia.

Picha zako zikiibiwa na dalali mwingine, usigombane naye hadharani. Ziwe na jina la wakala katikati, si pembeni ambapo hukatwa kwa urahisi, na video iwe na sauti yako.

Mali iliyouzwa iandikwe "imeuzwa" siku hiyo hiyo, kila ilipo: ukurasa, makundi, katalogi, blogu. Usiifute. Weka kiungo cha mali inayofanana nayo, kwa sababu watu wataendelea kuifungua kwa miezi.